Ukingo wa Mto Nile ni wa Nani?

Ndugu wafanyakazi, sisi tunaofanya kazi Jinja na pande zake tumeuzoea Mto Nile kama jirani wa siku nyingi ambaye hatumtazami tena. Umeme unaozungusha mashine zetu unatoka kwake, na mtu akitoka zamu ya jioni hupita darajani bila hata kugeuza shingo. Lakini kila asubuhi, siku za kazi na siku za sikukuu, magari yaliyopakia mitumbwi ya mpira hupita barabara hiyo hiyo yakielekea kaskazini. Ndani wamo wageni waliovaa kaptura, na pamoja nao vijana wetu wenye makasia. Ukiuliza wanakwenda wapi, utaambiwa wanakwenda kucheza majini.

Nasi tulikuwa tukijibu hivyo hivyo, mpaka tulipokwenda kutazama wenyewe huko Itanda na Kalagala. Tulirudi na maswali ambayo tunaona yanamhusu mkata miwa na fundi wa kiwandani sawasawa na yanavyomhusu mgeni mwenye kofia ngumu kichwani.

KAZI INAYOITWA MCHEZO

Mchezo wenyewe ni huu. Watu sita au saba hukaa katika mtumbwi mkubwa wa mpira, kila mmoja na kasia lake, na nyuma yao huketi nahodha anayewaamrisha: mbele, nyuma, shikeni kamba! Mtumbwi huingia penye maporomoko, maji yakichemka povu kama sufuria ya uji, na mara nyingine hupinduka na kumwaga wote. Pembeni huenda vijana katika kayaki, vyombo vyembamba vya mtu mmoja, na kazi yao ni kumfuata kila aliyeanguka na kumtoa kabla hajachukuliwa na mkondo. Biashara hii ilianza kwenye Nile yetu mwaka 1996. Siku hizi manahodha wengi na waokoaji wengi ni wananchi, watoto wa vijiji vya kando ya mto, na wako waliofika ng'ambo kushindana na mabingwa wa nchi nyingine.

Nyuma yao kuna jeshi zima ambalo mgeni halioni vizuri: madereva, wapishi, wafua nguo, walinzi, wanaoziba mipira iliyotoboka, na wabebaji wanaopandisha mtumbwi mabegani kwenye njia ya udongo unaoteleza. Wale tuliozungumza nao walituambia kwamba hulipwa kwa safari. Safari ikiwapo, fedha ipo, isipokuwapo, hakuna. Mwaka 2020 mipaka na uwanja wa ndege vilipofungwa kwa ajili ya korona, kazi ilikatika kama kamba, na waliokuwa wakiokoa watu majini walirudi kulima mihogo. Yafaa pia kukumbusha jambo moja ambalo halimo katika picha za matangazo: maji ya Nile yana kichocho. Mgeni akirudi kwao hupimwa na kupewa dawa. Kijana anayeshinda majini mwaka mzima naye anastahili kupimwa na kupewa dawa hiyo hiyo bila kukatwa mshahara, na hilo ni dai la chama cha wafanyakazi, si la daktari peke yake.

Tumeanza na watu hawa kwa makusudi. Mazungumzo ya kuhifadhi mto mara nyingi huwa ya pande mbili, wenye mabwawa na wenye kupenda ndege na miti, na anayeshika kasia kwa ajili ya chakula cha watoto wake hupewa kiti karibu na mlango.

MAPOROMOKO YALIYOTOWEKA

Mwingereza Speke alipofika mahali Nile inapotoka ziwani mwaka 1862, alikuta maporomoko ambayo aliyaita Ripon. Wenyeji walikuwa na jina lao tangu kale. Leo huwezi kuyaona. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maporomoko ya Ripon na ya Owen yote mawili yakaishia hapo. Viwanda vya Jinja vilizaliwa na bwawa hilo, na baba zetu wengi walikuja mji huu kwa sababu yake. Hatuwezi kulilaani bwawa hali tunakula mkate wake.

Kisha ikaja zamu ya Bujagali. Wazee na hata vijana wa umri wa kati wanayakumbuka vizuri maporomoko yale. Jumapili watu walikwenda kutandika mikeka kwenye majani na kutazama. Alikuwapo kijana mwenye dumu la plastiki la manjano, ambaye kwa shilingi elfu chache alijitupa majini akikumbatia dumu lake na kuibuka chini, wageni wakipiga makofi. Hapo pia palikuwa maskani ya mzimu wa Budhagali, ambao Wasoga wanauheshimu, na mlinzi wake alikuwa akifanya matambiko kwenye mawe yale. Mitumbwi ya mpira ilianzia safari yake hapo hapo.

Ujenzi wa bwawa la Bujagali ulianza mwaka 2007, maji yakaanza kukusanywa mwishoni mwa mwaka 2011, na mitambo ya megawati 250 ikazinduliwa rasmi mwezi Oktoba 2012. Tuliokuwa viwandani mwaka 2005 na 2006 tunakumbuka kwa nini wengi walilitaka. Ziwa lilikuwa limeshuka kwa ukame, umeme ukawa wa mgawo, mashine zinalala, na wenzetu wa vibarua wanaambiwa warudi nyumbani mpaka watakapoitwa. Bei ya umeme huo wa Bujagali ni habari nyingine, na tutaiandika siku yake. Ila maporomoko yalizama. Mahali pa kijana wa dumu sasa ni maji matulivu, ambako mgeni hupiga kasia polepole jioni akitazama jua linavyotua.

KALAGALA KWA BUJAGALI

Hapa ndipo penye jambo ambalo wafanyakazi wengi hawajalisikia. Benki ya Dunia ilipokubali kusaidia ujenzi wa Bujagali, iliandikiana na Serikali mkataba mwaka 2007. Kwa lugha ya sokoni ulikuwa wa kubadilishana: Bujagali izame, lakini maporomoko ya Kalagala, yaliyo mbele kuelekea kaskazini, yaachwe kwa ajili ya viumbe vyake, mambo yake ya kiroho na utalii wake, wala yasijengewe bwawa la umeme. Tena Serikali iliahidi kuutunza msitu wa Mabira, pamoja na misitu ya hifadhi ya Kalagala na ya ukingo wa Nile.

Wenzetu wa mashamba ya miwa, hapo mnaona mlivyoingia. Mwaka huo huo wa 2007, mwezi Aprili, watu walijaa barabarani Kampala kupinga hekta kama 7,100 za Mabira kupewa kampuni ya sukari, na watu waliuawa siku ile. Waliounga mkono mpango walisema miwa italeta ajira. Ni hoja isiyotupwa hivi hivi na mtu anayetafuta kazi. Lakini msitu ule ndio unaoshika mvua na vijito vya pande hizi, na kazi ya miwa bila mvua sote tunaijua. Basi taa iliyo juu ya cherehani kiwandani, mti wa Mabira na wimbi la Kalagala vilifungwa katika karatasi moja. Mpiga kasia anayecheza Kalagala leo anacheza juu ya ahadi hiyo.

Ahadi haikushikwa yote. Bwawa la Isimba, la megawati 183, lilijengwa mbele zaidi, kati ya wilaya za Kayunga na Kamuli, na kuzinduliwa mwezi Machi 2019. Ziwa lake lilirudi nyuma likafunika sehemu ya chini ya eneo lile lile lililowekwa kuwa badala ya Bujagali, pamoja na mawimbi ambayo wapiga kayaki walikuwa wakisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuyachezea. Malalamiko yalikuwa yamefikishwa mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia tangu mwaka 2016. Bwawa lilikwisha, maji yakapanda. Kilichobaki ni maporomoko ya Itanda upande wa mashariki, Kalagala upande wa magharibi, visiwa vilivyo kati yao, na kipande cha mto kinachotoka Bujagali mpaka hapo.

NANI MWENYE MAKOSA PALE PALE MTONI

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, tukasema adui ni bwawa na wapiga kasia ni marafiki wa mto. Tulipokaa pale siku mbili tukaona haiko hivyo kabisa.

Juu ya mawe yaliyo katikati ya maporomoko anaishi ndege mdogo wa rangi ya majivu, mwenye mabawa marefu, arukaye kama mbayuwayu akikamata wadudu juu ya povu. Hajengi kiota. Anataga juu ya jiwe tupu, maji yanapokuwa machache na mawe yamejitokeza. Sasa fikirini: jiwe hilo hilo ndilo nahodha analolitaka ili wageni wapumzike na kupigwa picha. Mtumbwi ukitua, ndege anaruka, yai linabaki kwenye jua kali. Wala hakuna aliyekusudia ubaya. Tena maji hupanda na kushuka kwa kadiri mitambo ya juu inavyofunguliwa, kwa hiyo ndege huyu ana maadui wawili, mmoja wa chuma na mmoja wa mpira.

Chini ya maji kuna furu, wale samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje. Katika ziwa aina nyingi za furu zilimalizwa na sangara. Lakini ziko zinazoishi penye mawe na maji yaendayo kasi, na moja, ambayo wataalamu huiita Neochromis simotes, inajulikana katika kipande hiki cha Nile tu. Huyo samaki hawezi kuhamia ziwa tulivu la bwawa. Anataka maporomoko, sawasawa na mpiga kayaki. Kwa jambo hili mchezaji na mhifadhi wana shauri moja, wapende wasipende.

Shauri lao linaachana wanapofika nchi kavu. Mchezo wa majini unahitaji mahali pa kushukia na mahali pa kupandia, choo, jiko, kivuli na mahali pa kulala. Kila kimoja kinataka miti iondoke au ukingo uchimbwe. Sheria ipo. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na pwani za maziwa zinaweka mita 100 kila upande wa Nile kuwa ukanda wa kulindwa. Kwa mito midogo ni mita 30. Mkulima mdogo anaijua sheria hii kwa uchungu, maana mara kwa mara huamriwa kung'oa mahindi yake na kuondoka.

Lakini tulipita mahali ambapo mahindi yameng'olewa, na hatua chache mbele tukakuta sakafu ya saruji, viti vya kujinyoosha, na seng'enge inayoshuka mpaka majini. Hatutaji jina la mahali, kwa sababu hatukuonyeshwa hati zake, na pengine wenye mahali wana kibali. Tunalosema ni kwamba mwanakijiji aliyetuongoza alisimama kwenye ile seng'enge, akaishika, akatuonyesha kwa kidole njia ambayo mama yake alikuwa akishukia kuchota maji. Njia imeota nyasi. Sasa wanazunguka.

Hapo ndipo tunapoona kiini cha jambo hili. Katiba yetu ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inasema Serikali inashika mito, maziwa, ardhi oevu na misitu ya hifadhi kwa amana, kwa manufaa ya raia wote. Haikusema kwa manufaa ya wenye vitanda vya wageni. Haikusema pia kwa ndege peke yao, mtu asikanyage. Mita 100 zikiwa mita 100 kwa mwenye jembe, ziwe mita 100 kwa mwenye hoteli. Mhifadhi anayemfukuza mwenye mahindi na kunywa chai kwa mwenye saruji hataaminiwa na kijiji, na mti alioupanda utakatwa usiku.

MAONI YETU

Wako wenye kupenda maumbile wanaosema dawa ni kufunga mto: mitumbwi iondoke, mawe yaachiwe ndege. Hatukubaliani nao. Maji ya Isimba yalipoanza kufunika mawimbi, sauti zilizosikika mpaka ng'ambo zilikuwa za wapiga kayaki na wenye mitumbwi. Nahodha anayeshuka mto mara mia mbili kwa mwaka analijua kila jiwe kwa sura. Anajua mti ulioanguka jana, anajua wavu wa macho madogo umefichwa wapi. Ukimwondoa mtoni, umeondoa macho ambayo ofisi ya Kampala haiwezi kuyalipia.

Wako pia wapiga kasia wanaosema kama kwamba Mungu aliumba mto kwa ajili ya mawimbi yao. Kwao kanuni yoyote ni uonevu. Nao hatukubaliani nao. Mahali pa kutua pawe pachache, pajulikane na wote, pawe na ngazi za mawe ili ukingo usimomonyoke, na mahali hapo pawe njia ya umma ambayo mwenye dumu, mwenye ndoano na mwenye kayaki wanapita bila kuulizwa. Wakati ndege wanapotaga, mawe yao yapitwe mbali. Manahodha wenyewe wayataje, maana wanayajua, na wao ndio wamwambie mgeni kwa nini leo hatupumziki hapa. Kuni za kupikia wageni zisitoke visiwani. Wenye mitambo nao watangaze mapema saa za kufungua maji, kwa usalama wa watu wa mitumbwi na wavuvi, na wakati wa mayai wapunguze kupandisha na kushusha mto kwa ghafula, kadiri inavyowezekana bila kuzima mashine za viwanda.

Kwa wafanyakazi wenzetu wanaosema umeme kwanza, mengine baadaye, tunajibu kwamba umeme ulikwisha kupewa Ripon, ukapewa Owen, ukapewa Bujagali, ukapewa na kipande cha Kalagala. Hatuoni aibu kusema kwamba kilichobaki kiachwe. Huko Karuma mitambo ya megawati 600 ilizinduliwa mwaka 2024, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba taa zitazimika kwa sababu ya Itanda.

Na kamati yoyote itakayokaa kupanga mambo ya ukingo huu iwe na watu wa makasia, waliochaguliwa na wenzao, wala si meneja aliyekuja kwa niaba yao. Iwe na wavuvi na wanawake wanaochota maji. Tuliwauliza waokoaji watatu kama wamewahi kuitwa katika mkutano wa namna hiyo. Mmoja alicheka, mwingine alisema aliwahi kuitwa kuwavusha wajumbe.

Jioni ya siku ya pili tulikaa juu ya njia ya Itanda kungoja gari. Njia ni moja na ni nyembamba. Wabebaji wanne walikuwa wakipanda na mtumbwi mabegani, umelowa na mzito, na juu wanawake walikuwa wakishuka na madumu matupu, wengine wakipanda na yaliyojaa. Tulidhani patatokea ugomvi. Wa mbele katika wabebaji akapiga mluzi, wote wanne wakasogea kando kwenye majani wakasimama na mzigo wao, na wanawake wenye madumu yaliyojaa wakapita kwanza. Tulipouliza nani aliweka utaratibu huo, walitutazama kama watu walioulizwa nani aliwafundisha kusema shikamoo. Mwenye maji ya nyumbani hupita kwanza, wakasema, kisha mtumbwi, kisha mgeni na kamera yake. Mgeni mmoja alikuwa amesimama nyuma yao, kofia ngumu mkononi, akingoja zamu yake.